Mke Wangu Effie, Aliyenizamisha Ukurasa wa Kwanza

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wa MacNeil na wa ukoo wetu wa Gillis, majirani wote wa Brannan, na ninyi wageni mliokuja kwa basi mkiwa na vitabu vyake mapajani, karibuni na poleni. Kwa desturi ya hapa kwetu historia ya marehemu husomwa na mtoto mkubwa au mpwa mwenye sauti nzuri, na binti yetu Mairi alikwisha kujiandaa, amepanga tarehe zote kwenye karatasi hii, lakini jana nilimwomba anipishe, kwa sababu kwa miaka mingi nimegawana mke wangu na kila mwenye kadi ya maktaba, na leo, mnisamehe, sijisikii kugawana. Kwa asiyenijua, mimi ni Lauchie wa John wa Dan, dereva mstaafu wa lori la kusukuma theluji, mumewe halali. Pale Mairi alipoandika nitasoma kama alivyoandika, na pale alipoacha nafasi nitajaza mwenyewe.

Marehemu Euphemia Margaret MacNeil, ambaye sote tulimwita Effie, alizaliwa tarehe 11 Februari 1951 katika nyumba ya shamba kule juu ya kilima cha Brannan, hapa Cape Breton, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu mzee Roddie MacNeil, mchimbaji wa makaa ya mawe, na marehemu mama Sadie, ambaye jiko lake halikukauka chai wala umbea. Dada yake Jessie, yupo pale mbele, anasema Effie tangu mdogo alikuwa akikaa chini ya meza wanawake wakizungumza, na wakimwona hutulia kimya, na wakimsahau huendelea, na kwamba alipofika miaka minane alikuwa anajua mimba zote za parokia kabla ya wenye mimba.

Alisoma shule ya msingi ya hapa Brannan kuanzia mwaka 1957 hadi 1965, akaendelea na masomo ya sekondari kwa masista, akamaliza mwaka 1969, kisha akasomea upigaji taipu mjini Sydney kwa mwaka mmoja. Mwezi Septemba mwaka 1970 aliajiriwa kuwa karani wa posta ya mji wetu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu kwa hiari mwaka 1997, na hapo dirishani, ndugu waombolezaji, ndipo alipojifunza kumtazama mtu akipokea bahasha na kujua kama ametongozwa, ameachwa au amefiwa.

Tulikutana mwezi Julai mwaka 1974 kwenye dansi ya ukumbi wa parokia. Karatasi ya Mairi inasema hivyo tu, lakini wenye umri wangu mnakumbuka kwamba aliyekuwa jukwaani akipiga fidla ni Hector Beaton, konstebo wetu, wakati huo kijana mwembamba mwenye kovu kidevuni na mguu usiotulia, na kwamba Hector alimsindikiza Effie nyumbani mara mbili kabla yangu, jambo ambalo hana haja ya kulikana, maana hulisema mwenyewe kila akipata bia mbili. Mimi nilimsindikiza mara ya tatu na sikutoka tena. Tulifunga ndoa katika kanisa hili hili tarehe 9 Oktoba 1976, na aliyepiga fidla siku hiyo ni nani, ni Hector.

Mwenyezi Mungu alitujalia watoto wawili, Mairi, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1978, na Neil, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1981, ambaye amekuja kutoka Alberta kwa ndege tatu, ahsante mwanangu, na wajukuu watatu ambao bibi yao aliwapenda, akawasomea, na kila mmoja akamweka kwenye kitabu angalau mara moja, wawili wakiwa mashahidi na mdogo akiwa mwizi wa biskuti.

Sasa nafika kwenye kazi iliyowaleta wengi wenu hapa. Marehemu alianza kuandika mezani jikoni majira ya baridi, mimi nikiwa barabarani na lori, na kitabu chake cha kwanza, Maiti Kwenye Meza ya Chai, kilitoka mwezi Machi mwaka 1991. Kinamhusu Bi Rhona, mjane mwenye mgahawa wa chai katika mji mdogo ambao kila mtu hapa aliutambua siku ile ile, kuanzia mnara wa kanisa hadi shimo la barabara mbele ya duka la ushirika. Katika kila kitabu Bi Rhona anakuta maiti, anamfichua muuaji kabla ya serikali, na wakati huo huo anapendwa taratibu, kitabu baada ya kitabu, na konstebo aitwaye Callum, mpiga fidla, mwenye kovu kidevuni na mguu usiotulia.

Ili Bi Rhona awe mjane ilibidi mumewe afe. Mume huyo ni dereva wa lori la kusukuma theluji, mtu wa maneno machache, na anazama na lori lake kwenye barafu ya ghuba, mstari wa tatu wa ukurasa wa kwanza. Mimi si msomaji, sikulijua hilo mpaka nilipoingia ushirika kununua siagi, na Peggy wa kwenye kaunta akaniinulia mikono miwili.

“Lauchie, pole baba, nasikia umezama!”

“Nimezama wapi?”

“Ghubani, na lori lako. Na mkeo hata machozi hajatoa, ukurasa wa nne ameshamkaribisha konstebo chai!”

Foleni nzima ilicheka, nami nikacheka, kwa sababu mwanamume wa Brannan akichekwa hucheka, kisha nikarudi nyumbani na siagi yangu nikala chakula cha jioni nikiwa marehemu. Sikumwuliza kitu. Kwetu mtu huuliza hali ya barabara, haulizi hali ya moyo. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi nilianza kulisubiri lije.

Kumi na tisa ni idadi ya vitabu vyake, na katika vyote mimi nimekufa. Callum hakuzeeka, hakukoroma, hakuacha mabuti katikati ya njia, alijua kusikiliza, alijua lini aguse mkono na lini auache, na alisema maneno ambayo mimi sikuwahi kuyasema na sikujua Effie anayataka. Hector naye hakunisaidia. Baada ya kitabu cha tatu, ambamo Callum alifuga masharubu, Hector alifuga masharubu, na alipostaafu upolisi akawa anakaa kwenye benchi mbele ya posta kila Julai, basi la wasomaji likifika, akipigwa picha na wanawake wa Boston na Ontario. Hector, usiangalie chini, masharubu yanaonekana hata hivyo. Wanawake wale wale walikuja mlangoni kwetu, na mmoja aliniuliza nikiwa na koleo mkononi, “Samahani babu, hapa ndipo kwa Bi Rhona? Wewe ni mtunza bustani?” Nikasema mimi ni mume. Akanitazama kwa huruma ya kweli na kusema, “Lo, lakini mume si alikufa?”

Wivu ni kidonda, na mimi changu nilikifunga bandeji na kwenda nacho kazini. Kila nilipomkuta amesimama mbele ya jiko akitabasamu peke yake, nilijua kuna mtu ndani ya kichwa chake, na nilijua si mimi, maana mimi nilikuwa chini ya barafu. Nilihesabu mara ngapi Hector anakuja posta bila barua. Ijumaa Effie alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya nilipitisha lori mbele ya ukumbi, hata theluji ikiwa haijaanguka, mpaka msimamizi wangu akaniuliza ninasukuma nini.

Mwezi Septemba mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akapelekwa hospitali ya mkoa, na tarehe 28 ya mwezi huo akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, ambayo madaktari walitwambia kwa upole kwamba imechelewa kujulikana. Alikubali dawa za maumivu, akakataa kulazwa, akaomba kitu kimoja tu, amalize kitabu cha kumi na tisa, kwa sababu Callum alikuwa amekwisha kumposa Bi Rhona na wasomaji walikuwa wakingoja jibu tangu kitabu cha tisa. Kufikia Januari vidole vilikuwa haviwezi tena. Mairi yupo Halifax, Neil yupo Alberta, basi aliyeketi kwenye mashine ya taipu ni mimi, vidole viwili, yeye kitandani akisema nami nikigonga.

Nawaambieni, hakuna adhabu kama hiyo. Nimeandika kwa mikono yangu mwenyewe jinsi yule bwana alivyovua kofia, jinsi theluji ilivyokuwa kwenye masharubu yake, jinsi alivyopiga goti tena jikoni kwa Bi Rhona, jikoni ambako najua kila kabati kwa kuwa nimeyatengeneza mimi. Nilipofika kwenye goti nilisimama, nikatoka, nikachota theluji mlangoni ambayo ilikuwa imeshachotwa. Niliporudi alikuwa ananingoja, na hapa mtaniwia radhi, Mairi hakuyaandika haya kwa kuwa hakuwapo.

“Lauchie wa John,” akasema, “una wivu na mtu wa karatasi?”

“Na wa nyama pia.”

“Nani, Hector?” Akacheka mpaka nikamshika mgongo. “Kwa Hector nilichukua kovu na mguu. Vingine nilimjazia mwenyewe, maana maskini hana.”

Hector, samahani, nasema aliyoyasema marehemu.

Nikamwambia, basi mwozeshe tu huyo mwanamke wako, mimi si nilishakufa. Na ndipo, nikiwa na umri wa miaka sabini na nne, nikauliza nililopaswa kuuliza mwaka 1991. “Effie, mimi nilikukosea nini hata ukanizamisha?”

Akafumba macho, nikadhani dawa imemchukua.

“Nilijaribu kukuacha hai,” akasema. “Niliandika sura tatu. Unarudi nyumbani, unavua mabuti, Bi Rhona anakumiminia supu, anakushika miguu ile iliyoganda anaiweka mapajani mwake. Sikulala, Lauchie. Mwanamke mwingine, jikoni kwangu, ameishika miguu yako, na ni mimi niliyemwingiza! Nikaamka nikachana zote. Nikasema huyu heri afe kuliko awe wake.”

Ndugu waombolezaji, mimi sijui maneno matamu, na sijui kama hayo ni matamu kwenu. Mimi nilienda nikakaa kitandani, nikavua mabuti, nikampa miguu.

Kitabu kilikamilika tarehe 20 Februari. Kitatoka Oktoba, na jibu la Bi Rhona ninalijua mimi peke yangu katika dunia nzima, Mairi halijui, mchapishaji ameahidi kutofungua sura ya mwisho mpaka mazishi yapite, Hector ndiyo kabisa, na Peggy asijisumbue kuniletea keki. Miaka yote mlikuwa mnayasoma ya moyo wa mke wangu kabla yangu. Hili moja nimewatangulia, na nasema wazi mbele ya altare, ninalifurahia.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa, tarehe 3 Machi 2023, asubuhi, nyumbani, Mairi akiwa upande mmoja na mimi upande mwingine, akiwa na umri wa miaka sabini na mbili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, hasa muuguzi Bernadette aliyekuja nyumbani hata barabara zilipofungwa, wafanyakazi wenzake wa posta, kwaya, akina mama wa parokia waliojaza friji yetu mpaka mlango ukakataa kufunga, wasomaji mliosafiri kutoka mbali, na majirani wote mliovumilia kuuawa, kushukiwa na kupendana vitabuni bila kumshitaki mahakamani. Namshukuru Hector Beaton pia. Aliketi naye kila Jumanne nilipokwenda kufuata dawa, na marehemu ameagiza yeye ndiye apige fidla makaburini, nami nimekubali, wimbo mmoja, Hector, na utasimama upande wa miguu, upande wa kichwa ni wangu.

Effie, lala salama, mke wangu, Mungu akupe utulivu ambao mji huu haukukupa. Na kama huko ulikokwenda yupo mwanamume anayejua kuongea, mwambie una mume, hakuzama, yuko njiani anakuja.