Kaka Aliyepaka Mipapai Mafuta

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto watatu. Mama alisema alianza kutembea kabla hajajua kukaa. Majirani walimwita Kiguu na Njia, naye aliitika.

Shuleni alitolewa darasani kwa kutotulia, si kwa ujinga. Alihitimu chuo cha kilimo mwaka 1984, akawa bwana shamba, na mipapai ikamteka. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, walihamisha virusi kutoka mti mgonjwa hadi mzima. Sumu kali haikufua dafu, maana mdudu huambukiza kabla hajafa. Kaka akajaribu mafuta ya pamba na sabuni kidogo: jani likipakwa, virusi havishiki vizuri mdomoni mwa mdudu. Lakini mti uliokwisha kuugua hauponi, na kila jani jipya huchipua bila kinga. Kwa hiyo alirudia kila Jumatano, na katikati ya wiki hakukukalika naye.

Mwaka 1989 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani. Akitaka sifa ukweni, alinyunyizia mipapai ya mama mkwe mchana wa jua kali, majani yakaungua. Mama mkwe alimuuliza kwa upole kama amekuja kuoa au kukaanga. Tangu hapo alinyunyizia asubuhi tu, kukiwa na ubaridi.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alilazwa, akatoroka, nikamkuta shambani na sindano ya dripu mkononi. Nilimgombeza sana, na hasira hiyo bado ninayo.

"Mdogo wangu," alisema, "wenzetu wote wamekata mipapai yao. Na hii yetu ikiugua, nani ataamini tena haya mafuta?"

Alifariki Jumapili, tarehe 6 Julai 2025. Alimuuliza mkewe ni siku gani, akajibiwa. "Jumatano bado," akasema, akafumba macho.

Ameacha mjane, binti, mwana, na sisi wadogo zake wawili.

Leo ni Jumatano. Mmeuliza kwa nini tunazika alasiri. Asubuhi sote watano tulikuwa shambani. Tumepaka kila mti, na majani machanga tumeyarudia. Mikono yetu ina mafuta. Tupeni pole hivyohivyo.

Kaka, mipapai yote ni mizima. Sasa tulia.