Jozi ya Mwisho ya Mzee Josphat Munyao

Babu yetu, Mzee Josphat Munyao Kimeu, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948 huko Mbooni, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Kimeu na marehemu Ndindi. Alisoma hapo Mbooni hadi darasa la saba, mwaka wa 1965. Alitamani sana kuendelea lakini haikuwezekana, na hata uzeeni, akipita karibu na shule yoyote, alipunguza mwendo.

Mwaka wa 1967 alikuja Nairobi, akapata kazi ya kupakua magunia katika ghala moja la nafaka Industrial Area. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kwa hivyo akafanywa karani. Mwaka wa 1975 magunia kumi na mawili hayakuonekana. Babu aliandika kwenye ripoti kwamba yalikuwa “stolen”, yaani yameibwa, na mlinzi wa zamu, Mzee Luseno, ambaye ameketi hapa mbele leo, akasimamishwa kazi. Siku ya tatu magunia yalipatikana nyuma ya ghala. Yalikuwa “missing” tu, yaani hayajulikani yalipo. Babu alitembea kwa miguu hadi kwake Makongeni kumwomba msamaha.

“Munyao,” Mzee Luseno alimwambia, “Kiingereza chako kimeninyima usingizi siku tatu. Kaa chini ule ugali.”

Urafiki wao ulianzia kwenye ugali huo. Kesho yake Babu alinunua daftari, akaanza kuandika maneno ya Kiingereza mawili mawili, yale yanayofanana lakini si sawa. Hakuacha hata alipostaafu mwaka wa 2003.

Alimwoa Kavindu, bibi yetu tunayemwita Susu, tarehe 9 Desemba 1972. Waliishi mtaa wa Mbotela miaka yote hiyo.

Sisi wajukuu tulipewa jozi moja ya maneno hayo kila wiki. Jibu la kamusi hakulitaka. Ilikuwa lazima ulete kitu ulichokiona mwenyewe mtaani. Aliponipa “hear” na “listen”, nilimwambia, “Babu, redio ya Abukar wa duka, plot nzima tunai-hear. Ni yeye tu anai-listen.”

“Na mahubiri ya Jumapili, Mama, wewe hufanya gani?” Aliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake.

“Hiyo tuiache, Babu.”

Alicheka hadi akavua miwani.

Alianza kuugua figo mwaka wa 2023, akavumilia matibabu bila kulalamika. Mwezi wa Februari mwaka huu alilazwa. Jumapili tarehe 8 Machi 2026 tulipoenda kumwona, alinipa jozi: “wait” na “expect”. Nilianza kujibu palepale. Akainua kidole. “Hiyo ni ya kamusi. Niletee ya Mbotela Jumapili ijayo.”

Alituacha Alhamisi, tarehe 12 Machi, saa tisa alasiri. Jumapili ilifika nikiwa sina jibu, wala sina wa kumpelekea.

Marehemu ameacha mjane, Kavindu. Watoto watatu, Kimeu, Mwelu na Mwanzia. Wajukuu saba, na rafiki yake Mzee Luseno. Pia ameacha daftari lenye jozi mia tatu na kumi na sita, ya mwisho ikiwa haina mfano.

Tangu Alhamisi ile, kila ikifika saa kumi na moja jioni, Susu huvuta kiti hadi mlangoni, akaangalia upande ambao Babu alikuwa akitokea akirudi kutoka kazini. Juzi nilimuuliza, “Susu, kuna mgeni unayemtarajia?”

“Hapana,” akasema. “Simtarajii mtu. Nangoja tu.”

Nikaenda nikayaandika maneno yake kwenye daftari la Babu, chini ya jozi ya mwisho, kwa mwandiko wangu bora.

Babu, hiyo ni ya Mbotela. Pumzika sasa kwa amani; sisi tutakaa mlangoni na Susu.