Aliyemuuliza Haron Kila Asubuhi

Kila siku saa moja asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, Haron Ogoti alimeza kidonge chake na kungoja simu.

"Umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe umekunywa chai?"

Haron alizaliwa tarehe 14 Mei 1984 hapa Mosocho, mtoto wa pili wa Orpah Nyakerario na marehemu Manasseh Ogoti. Alimaliza darasa la nane mwaka 1998, akajifunza ushonaji Nyamira, na mwaka 2005 akafungua kibanda katika soko la Daraja Mbili, akipunguza makoti ya mitumba. Mimi, mpwa wake, alinishonea sketi za shule zenye mfuko wa kuingia kitabu kizima.

Hakuoa. Tangu 2013 mwenzake wa maisha alikuwa Duncan Omwenga, wa kiwanda cha majani chai Itumbe. Ndiye aliyekuwa akipiga simu.

Haron alipatikana na virusi vya Ukimwi mwaka 2011. Mwaka 2014 mhudumu wa kliniki, aliyekuwa amesikia habari za Duncan, alimuuliza mbele ya foleni, "Kati yenu, bibi ni nani?" Watu wakacheka. Haron aliacha dawa miezi kumi na moja, akakonda hadi akapunguza suruali zake mwenyewe. Duncan akatafuta kliniki nyingine. "Twende wote. Wakicheka, watucheke wawili." Huko muuguzi, Phanice, alimuuliza kwanza habari za cherehani, ndipo akauliza za dawa. Simu za saa moja zilianza wiki hiyo. Tangu 2016 virusi havikuonekana tena kwenye vipimo.

Kilichomuua ni kansa ya koo, iliyogunduliwa Juni 2024. Kidonge kilipokataa kupita, daktari aliruhusu kisagwe, na Duncan akaomba likizo ili akisage. Haron alituacha tarehe 3 Februari 2025. Simu yake bado ina chaji. Leo saa moja iliita juu ya cherehani, na hakuna aliyeweza kuishika.

Ameacha mama yake, Orpah, dada yake, Beverlyne, ndugu yake, Fred, wapwa watatu, na Duncan. Mjomba Fred alishauri tuandike "rafiki wa familia". Nyanya alikataa: "Rafiki wa familia huleta sukari, anakunywa chai, anaenda. Huyu alibaki. Mwandike."

Udongo wa nyumbani umlaze kwa upole.

Haron mwenyewe alitaka haya yasomwe, ili mwingine asiache dawa kwa aibu. Mwezi Januari, sauti yake ikiwa karibu kwisha, nilimuuliza swali moja tu: ni nini kilichomrudisha kliniki, kikamweka miaka yote hiyo?

"Kulikuwa na mtu anangoja nijibu."