Jino Lililosingizia Sukari

Pijo, teksi yetu ya abiria, ilipotoka Nyeri, mama aliyekaa kati yangu na mzee asiyemjua alikuwa akimwambia huyo mzee, "Ati kipimo ya damu ilionyesha kuna kitu inawaka ndani yangu, daktari akasema sukari na presha ziko karibu. Tangu Pasaka sijaonja mukimo, viazi yangu ya kuponda! Kumbe ni jino imeoza. Imeng'olewa, damu ikatulia, na sukari yenyewe ikipimwa iko sawa."

"Ngai asifiwe," mzee akasema. "Lakini kipimo haikudanganya. Ilinusa moshi, haikujua ni jikoni ya nani. Afadhali wangekupima kiuno, unene ya hapo ndiyo huita sukari."

"Kiuno yangu iko na makosa gani?" mama akacheka, uso umemng'aa kama wa bibi harusi.

Tukafika Naro Moru. Aliposhuka, mlango ulimkwamisha kiunoni kidogo. Mzee akanitazama. Mimi nikatazama mlima.