Maharage ya Rosilda Yananuka Msumeno

Weka mkono kifuani useme: nikiyatoa haya, ulimi wangu uote malengelenge. Sema tena, sijasikia vizuri. Haya. Nami niliapa hivyohivyo Ijumaa asubuhi jikoni kwa Rosilda, mkono wangu juu ya rozari yake, na kiapo chenyewe hakikuvuka daraja la kuja dukani. Nifanyeje? Siri ya mwenzio ni kama ploye, chapati yetu ya huku, iliyotoka kikaangoni sasa hivi: utaihamisha kiganja hiki na kile, mwishowe utamtupia mtu.

Benchi letu lipo mbele ya duka, upande usiopigwa na upepo wa mtoni. Ni gogo moja la mwerezi lililopasuliwa katikati, nalo limeng'arishwa na makalio ya watu waliokata miti ya bonde hili lote, mpaka kule Kanada, ng'ambo ya mto. Anakaa Alcide, tunayemwita Kidole, maana mkono wake wa kushoto umebaki na hicho tu, vingine aliviacha kwenye kiwanda cha mbao. Anakaa Onésime, ndiye Askofu, aliyetumikia altareni utotoni na mpaka leo hajapona. Anakaa Ludger, mume wa Rosilda, jina lake Sanamu, kwa kuwa anaweza kumaliza kikombe kizima asitoe neno. Mimi Delima hawajanipa jina la benchi, wanadai hakuna linalonitosha. Kahawa anatumiminia Brooke, binti wa mjini aliyenunua duka kiangazi kilichopita. Bado anafunga gari lake kwa ufunguo, maskini.

Hoja Ijumaa hiyo ilikuwa moja. Jumamosi mbili mfululizo, kwenye chakula cha parokia pale ukumbini, maharage ya Rosilda yamenuka mafuta ya injini. Si harufu ya kubahatisha. Mafuta kabisa, yale ya msumeno wa injini.

Kidole: Mimi nawaambia ni kampuni. Mashine zao zinavuja kule mlimani, mafuta yanashuka na maji, maji yanaingia bombani, Rosilda analoweka maharage. Kesi imekwisha.

Askofu: Mbona kahawa hainuki?

Kidole: Kahawa inajitetea.

Askofu: We Kidole, huna elimu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hamkuona ule utando juu ya chungu, una rangi za upinde wa mvua? Yale ni mafuta matakatifu. Padri amezeeka, ameweka chupa ya krisma kabatini pamoja na haradali ya maharage.

– Krisma inanuka msumeno? nikamuuliza.

Askofu: Inategemea na dhambi za mlaji, Delima. Wewe uliisikia kwa nguvu sana?

Wakacheka mpaka Kidole akamwaga kahawa gotini. Nikasema sawa, chekeni, lakini mbona padri alikula akaomba chumvi tu?

Hapo tukasikia sauti pembeni. Tukageuka wote, maana ilikuwa sauti ya Sanamu.

Sanamu: Ni Zénon.

Kidole: Zénon yupi?

Sanamu: Mpishi wa kambi.

Kidole: Zénon alikufa, bwana! Nilibeba jeneza mimi.

Sanamu: Ndiyo maana. Alikufa hajashiba sifa. Anakuja ukumbini kuonja maharage ya mke wangu. Nimemnusa mwenyewe.

Askofu: Mzimu unanuka petroli?

Sanamu: Zénon alinuka petroli hata alipokuwa hai.

Hilo hakuna aliyelipinga. Mimi mwenyewe nilimfulia Zénon aproni zake majira mawili ya baridi, na sabuni ilisalimu amri. Kule kambini kwa wakata miti jiko lilikuwa moja. Usiku wanaume waliipanga misumeno yao kulizunguka ili alfajiri iwake, la sivyo baridi ingeishika injini kama ngumi. Na juu ya jiko hilohilo ndipo chungu cha maharage kililala. Sasa utanieleza nini juu ya harufu.

Kidole akaweka kikombe chini. Akasema:

– Nitawaambia kitu, mtu asinicheke. Mimi nilikula sahani tatu.

– Maharage yale?

– Yale yale. Kijiko cha kwanza nilitaka kutema. Cha pili nikasikia buti za marehemu kaka yangu Rosaire zinakung'uta theluji mlangoni. Sasa mtu utatemaje?

Askofu alipenga kamasi kwa kelele, akasingizia upepo.

Basi mazungumzo yakashika njia yake ya zamani. Enzi zile asubuhi ya baridi ulisimama uani ukasikia mlima mzima umeamka, na kila msumeno una mwenyewe. Wa Rosaire ulikohoa kama mvuta kiko. Wa baba yake Askofu ulikuwa unalia mpaka mbwa wanamwonea huruma. Wake za watu tulikuwa tunafua huku masikio yetu yapo juu: ukinyamaza msumeno wa mumeo kabla ya saa ya chakula, unaacha kufua.

Askofu: Lakini wa Ludger, jamani. Ule uliimba.

Kidole: Uliimba! Ukiingia kwenye mti mgumu haushuki sauti, unapanda. Sasa nenda mlimani leo. Mashine moja, kijana mmoja ndani ya kioo, miguu juu, anasikiliza redio. Sanamu, hivi ule msumeno uliuuza kweli?

Sanamu: Niliuuza.

Kidole: Kwa nani?

Sanamu: Mtu wa ng'ambo.

Kidole: Ana jina?

Sanamu: Mtu wa ng'ambo.

Tulimwachia hapo kwa heshima. Ulikuwa umechoka hata hivyo, pistoni imechubuka, injini haina pumzi. Na tangu daktari amshonee Ludger kile kidude cha kuendesha moyo chini ya ngozi ya kifua, Rosilda alisema neno moja tu: ni msumeno au ni mimi. Mtu mwenye akili atauza msumeno.

Sasa nikawaona wamezama kwenye kumbukumbu, macho yamelegea, hakuna anayemfikiria Rosilda. Ulimi ukaniwasha. Nikasema:

– Nyinyi mnalilia misumeno. Mwenzenu leo ananyang'anywa oveni.

Askofu: Nani?

– Rosilda. Aliniapisha nisimwambie mtu, kwa hiyo hamjasikia. Leo Irma wa kamati anakuja ukumbini kumwambia basi. Maharage ya parokia yatakuwa ya kopo.

Kidole: Ya kopo!

– Ya kopo, Alcide. Tena yale matamu. Mama yake Rosilda alipika pale, na mama wa mama yake, enzi ukumbi una jiko la kuni. Yeye ndiye atakayeandikwa kwamba alilipoteza. Wiki mbili hizi anasugua chungu kwa majivu huku analia, anadhani mikono yake imezeeka haijui tena kupika. Na ambaye aliniomba asiambiwe kuliko wote ni...

Nikakumbuka nani kakaa mwisho wa benchi. Sanamu alikuwa ameshavua kofia yake.

Askofu akajaribu kuziba:

– Usihuzunike, Ludger. Mchuma janga hula na wa kwao. Yaani parokia ni familia.

Ludger akasimama kama aliyechomwa sindano.

– Naenda kuuwashia ukumbi moto, akasema. Baridi imeingia.

Akaondoka na kofia mkononi, hajaivaa. Tukamsikitikia. Ijumaa zote ndiyo kazi yake, anaupasha ukumbi joto, halafu alasiri Rosilda anaingiza chungu kwenye oveni kilale humo mpaka kesho. Mume na mke wanaohudumia nyumba ya Mungu, tukasema, na malipo yao ndiyo haya.

Kidole: Nitakuja kula hata ya kopo. Lakini nitakula nimegeuka ukutani.

Askofu: Kwa hiyo tumekubaliana, ni Zénon?

Kidole: Ni Zénon ametumwa na kampuni.

Brooke alikuwa amesimama mlangoni na birika, anatusikiliza, kichwa upande. Wageni bwana, hawajui kwamba hoja ikifika hapo huwa imekwisha. Akauliza:

– Samahani, Bibi Delima. Kabla chungu hakijaingia kwenye hiyo oveni Ijumaa, nani huwa yuko peke yake ukumbini?

Kidole akamwaga kahawa iliyobaki. Askofu akainuka bila hata methali. Mimi nilikuwa nimeshashika njia ya ukumbini.

Tulifika ukumbini tunahema. Mlangoni tukakutana na Rosilda, chungu kiunoni, macho yamevimba, na nyuma yake Irma amebeba katoni ya makopo, amevaa uso wa msiba. Rosilda alituangalia, kisha akaniangalia mimi.

– Delima. Umewaambia.

– Sijamwambia mtu, shoga yangu. Wamenifuata tu.

Askofu akasukuma mlango wa jikoni.

Ludger alikuwa amepiga magoti mbele ya oveni kama anayepokea komunyo. Mikononi ana glavu za kuokea za Rosilda, zile nyekundu alizozishona mwenyewe, na ndani ya glavu ameshika nusu ya kasha la injini linalotoa moshi. Mezani, juu ya kitambaa cha Mtakatifu Anna, vimetandazwa vitu: pistoni mpya inang'aa, ringi, gasketi, plagi, silinda iliyosuguliwa ikasafika. Na pale pembeni umelala mwili wa msumeno, rangi yake ya chungwa imebabuka palepale ulipokuwa mkono wa mwenyewe miaka yote ile. Harufu yake, mtoto wangu, ilikuwa ile ya Jumamosi mbili zilizopita, yenyewe hasa.

Alitutazama mmoja mmoja, mdomo wazi. Hakukimbia. Hakuliweka chini.

– Mtu wa ng'ambo karudisha? aliuliza Rosilda.

– Rosilda, nipige baadaye. Kasha likipoa beringi haiingii. Lazima kasha liwe moto na beringi iwe barafu, ndipo inaanguka yenyewe. Kwa beringi ya kwanza moto haukutosha. Ya pili iliingia upande, nikaiharibu. Ya leo ndiyo ya mwisho, nilikuwa nimalize, oveni niipige sabuni...

– Wiki mbili unanitazama nasugua chungu.

– Nilitaka kusema.

– Na ulisema nini?

Kidole, ambaye hajawahi kumsaliti rafiki, akajibu kwa niaba ya Ludger:

– Alisema ni Zénon.

Rosilda alishusha chungu mezani, taratibu mno. Tulijua wote kile chungu ni kizito na yule mama ana shabaha.

– Kwa hiyo unarudi msituni. Daktari anakufungua kifua, mimi nakulisha kwa kijiko, wewe unarudi msituni ukafe.

– Sikati hata kijiti, akasema Ludger. Naapa. Nilitaka niuwashe mara moja uani, niusikie, niuzime. Basi. Nyumbani oveni yako haina nafasi, Rosilda, kila saa kuna mkate.

Moshi ulikuwa unapungua kwenye zile glavu. Askofu alivua kofia, sijui kwa ajili ya nani.

– Irma, akasema Rosilda.

– Naam.

– Umeona kilichooza ni nini. Ni maharage yangu au ni mume wangu?

Irma aliitazama katoni yake, akaitazama oveni.

– Ni mume.

– Kwa sauti. Hawa wa benchi hawasikii vizuri.

– Ni mume, Rosilda! Maharage hayana kosa.

Rosilda akapangusa macho kwa kiwiko, akakaza aproni. Akamwangalia Ludger pale sakafuni, amekumbatia lile kasha linalopoa kama mtoto mgonjwa.

– Beringi iko wapi?

– Frizani, akanong'ona. Chini ya barafu tamu za watoto wa katekisimu.

Akaenda kwenye friza, akainama. Sisi tulikuwa tumejazana mlangoni, na upepo wa mto unatupita miguuni kuingia ndani.

– Irma, akasema Rosilda, kichwa chake kimo ndani ya friza bado, funga mlango. Joto linatoka.