Mabutoni ya Kiti cha Nyuma

Asubuhi ile, kwenye benchi ya mama Célestine pale Nyamianda, kahawa ilinywewa lakini macho yote yalikuwa kwenye pikipiki. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari ndefu. Mzungu mmoja wa shirika alimwachia dereva wake Libérat siku alipovuka kwenda Bujumbura kukimbia vita. Ilikuwa na redio na maspika, na kando ya kiti cha nyuma kulikuwa na mabutoni madogo ya abiria: kuongeza sauti, kupunguza, kubadilisha posti, yaani kituo cha redio. Mtaa mzima ulimwita Libérat Orkestra. Juzi, kwenye barieri iliyofunga njia ya Fizi, askari walimpigia kelele asimame, naye akapita. Risasi ikapasua taa ya nyuma. Sasa alikuwa amepiga magoti, koleo mkononi, anataka kukata nyaya za yale mabutoni.

— Kata tu, — alisema Protais, fundi wa redio waliyemwita Antena. — Abiria anaongeza muziki, dereva hasikie askari, risasi inakuya. Iko wazi.

— Haiko wazi, — alijibu Anastase, mwalimu mzee waliyemwita Direkta. — Wazungu waliweka ile mabutoni kwa ajili ya bibi zao. Bwana anashika njia, bibi anashika muziki. Bila ile, ndoa inavunjika mu safari.

— Ndoa gani? Ile ni mashini ya kupeleleza! Unabonyeza, sauti yako inapanda kule juu, komanda anasikia vile unalalamika.

— Weye Antena, kama komanda angesikia vile tunalalamika, angelia.

— Basi sikia. Vita yenyewe ilianza hivyo. Dereva na abiria walishindwa kupatana juu ya posti ya redio, kila mumoja akaenda kutafuta jeshi yake!

Célestine alicheka hadi akashika meza. Libérat naye alicheka, lakini ukweli aliujua peke yake. Juzi abiria hakugusa kitu. Bomu lililoanguka Luberizi mwaka uliopita liliziba kabisa sikio lake la kushoto, na muziki ule aliuongeza mwenyewe ili ajisikie mzima. Afadhali mabutoni yabebe lawama; watu wakijua, nani atapanda nyuma yake?

Ndipo akaja mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu, kitenge amekikaza kiunoni. Jina lake Noella. Alisimama kushoto kwa Libérat akamwamkia. Akamwamkia tena. Koleo liliendelea kutafuta nyaya. Alipozunguka na kusimama kulia, Libérat alishtuka kama ameguswa na moto.

— Kaka, nataka kufika Makobola. Mama yangu amebakia kule peke yake, magulu haimubebe tena. Majirani bote bamekimbia.

— Dada, kule risasi inalia, — alisema Protais.

— Njo maana ninaenda leo. — Kisha akawageukia wale wa benchi. — Bapapa, huyu kaka, sikio yake ya kushoto inasikia?

Walikuwa wakinywa naye kahawa kila siku, na hakuna aliyejua. Anastase akaitazama kahawa yake.

— Haisikie, — alisema Libérat mwenyewe. — Tangu Luberizi. Tafuta dereva mwingine, dada.

— Nimeshauliza bengine, bote bamekatala. Weye njia unaijua?

— Njia naijua.

— Basi shika njia. Masikio minye niko nayo. Na ile nyaya usikate.

Walipokwisha kupita Kalundu, Noella alibonyeza butoni ya nyuma hadi muziki ukazimika, akaweka mkono begani kwa Libérat. Mahali fulani mkono ule ulimbana ghafla. Alisimama, wakasukuma pikipiki ndani ya mihogo, wakalala chini mpaka milio ya risasi milimani ikatulia. Kwenye barieri ulimbana tena, kabla hajamwona askari. Akasimama vizuri. Noella akaeleza safari yao bila kutetemeka, wakaachwa wapite.

Huko Makobola mama Pudentienne alikuwa ameketi mlangoni, amevaa nguo yake ya misa, tayari kwa lolote.

— Mumekawia, — akasema, akanyoosha mikono abebwe.

Walirudi Nyamianda kabla jua halijaingia nyuma ya milima, mama katikati, amefungwa kwa kitenge mgongoni kwa Libérat. Kahawa ilikuwa imekwisha zamani, lakini hakuna aliyekuwa amekwenda nyumbani. Célestine na Noella walimshusha mama, wakamwingiza ndani. Libérat alibaki ameshika usukani.

Anastase alimkaribia kwa upande wa kushoto. Akafungua mdomo, akasita, kisha akazunguka mbele ya pikipiki yote, polepole kwa magoti yake ya uzee, mpaka upande wa pili.

— Dada yangu iko Luberizi, — alisema. — Kesho unipeleke. Minye nitakusikilizia.