Picha ya Moyo wa Perpetua Mwihaki

Waombolezaji wenzangu, familia imeniagiza mimi, Ngigi, ndugu mkubwa wa baba yake, nisome maisha ya marehemu, nami nitamtaja kwa jina alilobatizwa, Perpetua Mwihaki, si Mama Melvin wala Sista Pepe, kwa sababu jina analo.

Perpetua Mwihaki alizaliwa tarehe 3 Juni 1984 mjini Kajiado, mtoto wa pili wa marehemu Mburu na mjane wake Gathoni, aliyeketi hapa mbele, akasomea huko huko mpaka kidato cha nne, akahitimu ualimu mwaka 2006, na tangu 2008 alifundisha darasa la kwanza kule Kisaju, ambako hakuwahi kukosea jina la mtoto hata mmoja. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Wanyoike, wakajenga hapa Kitengela, wakajaliwa Melvin na Sheryl.

Mwaka 2023 alianguka kanisani katikati ya wimbo, na waliokuwa karibu wakapiga makofi wakidhani ameshukiwa na Roho. Mwaka uliofuata alianguka darasani, na wanafunzi wake hawakupiga makofi, walikimbia kumwita mwalimu mkuu, ndipo akafikishwa kwa daktari. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo yanayoweza kwenda mbio ghafla na kuua, kisha Januari 2025 moyo wake ukapigwa picha kwa mashine ya sumaku, na Daktari Aketch akatuonyesha kwa ncha ya kalamu mstari mweupe, kovu la ugonjwa wa zamani, akaeleza kwamba mapigo mabaya yanaanzia hapo, kwamba sasa anajua mahali pa kufikisha mrija kupitia mshipa na kuchoma, na kwamba atamwekea chini ya bega kifaa cha kuushtua moyo ukienda vibaya. Siku ilipangwa, tarehe 14 Machi.

Kanisani kwake ni desturi anayeombewa apeleke mbele kitu cha ugonjwa wake, gongo, miwani au dawa, akiache hapo, na Jumapili ya tarehe 9 Machi Mwihaki alipeleka picha hiyo. Iliinuliwa juu, ikaombewa, ikatangazwa kwamba kovu limefutika, akatoa ushuhuda, nanyi mkasema amina. Alipotaja siku ya hospitali, Mzee Lazarus wa kanisa hilo, ambaye tuko naye hapa, alimwambia mbele ya wote, "Sista, Mungu ameshauona huo moyo, sasa unampelekea fundi mwingine aukague?", na watu wakacheka. Tarehe 14 ilipofika hakwenda; hospitali ilimpigia simu, mimi nikamsihi, naye akanijibu kwa upole, "Baba mkubwa, nimeshasimama pale mbele, nikienda kulazwa wataniita mwongo."

Alifariki tarehe 2 Aprili 2025, katika uwanja wa shule, akiwapanga watoto foleni ya uji, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Familia inamshukuru Daktari Aketch na wauguzi wake, walimu wa Kisaju waliombeba mikononi hadi barabarani, na majirani waliotupikia na kukesha nasi. Tunamshukuru pia Mzee Lazarus, ambaye jana aliturudishia picha, ikiwa imefungwa ndani ya gazeti. Nimeiinua juani asubuhi hii nikaitazama, na kovu lingali pale pale.

Pumzika sasa, Perpetua Mwihaki, hakuna atakayekuita mwongo.